Mishumaa Sita kwa Moto Mmoja

— Nyamaza basi, Anne-Marie! Ule papa wa asiransi labda iko anapanda mulima sasa hivi!

— Apande! Si anakuya na masikio yake? Nitamwambia na hiki kinywa changu: haikuwa radi, haikuwa shetani, ni ule mama wako wa Mumosho njo aliunguza kapela yetu!

Marcelline aligeuka haraka kuangalia njia ambayo mtu wa bima angetokea. Hakukuwa na mtu, ila mbuzi wa mzee Barthélemy akitafuna karatasi. Upande wa pili wa ua wa mabati jirani yake Anne-Marie alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama alivyofanya siku zote ili ugomvi wake usimpite mtu yeyote wa mtaa. Mikono yake ilikuwa na povu mpaka viwikoni.

— Mama, shusha sauti. Nakupigia magoti.

— Unapiga magoti kwangu? Ungelipiga kwa Papa Padri, siku uliweka batu ndani ya nyumba ya Mungu bila kuuliza! Angalia kamba yangu. Angalia! Mashuka ya harusi ya binti yangu Aurore, nyeupe pee, sasa inanuka moshi sawa samaki ya kukausha. Nafua mara tatu!

— Nitakununulia sabuni.

— Sabuni? Weye? Hata chumvi unaombaka kwangu!

Hilo lilikuwa kweli, na siku nyingine Marcelline angelijibu kwa kumkumbusha mwenzake kuku aliyepotea mwaka wa tisini na tatu na mahali manyoya yake yalipoonekana. Wanawake hawa wawili walikuwa wamegombana juu ya ua ule kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hiyo hakuna aliyezaa wala kuzika bila mwenzake kuwapo. Lakini leo Marcelline hakuwa na nguvu ya kugombania kuku.

— Iko wapi, yeye? Anne-Marie aliuliza, na sauti ikashuka ghafla, maana habari tamu haziulizwi kwa kelele.

— Iko kwangu. Mu chumba ya nyuma.

— Na batoto?

— Bote batatu. Anne-Marie, ukitaja hili jina mbele ya ule papa, hautaniua miye. Utaua yeye.

Anne-Marie alimtazama, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza upya, kisha akashuka kwenye ndoo bila kusema ndiyo wala hapana. Kichwa chake kikatoweka nyuma ya mabati. Marcelline alibaki amesimama pale, hajui kama ameshinda au ameharibu zaidi.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na tisa, mwaka mzima tangu waasi washike Bukavu, na vumbi la kiangazi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu pale Kadutu, mpaka juu ya majani ya migomba. Kapela, kanisa dogo la mtaa, ilikuwa hatua hamsini tu kutoka kwenye mlango wa Marcelline. Kuta zake za matofali mabichi bado zilisimama. Juu hakukuwa na kitu, ila mbao nyeusi mbili tatu na mabati yaliyojikunja kama majani makavu ya mgomba. Mwezi ujao mvua zingeanza, na kuta za namna ile zikinyeshewa wiki mbili bila paa, zinarudi kuwa udongo.

Kapela hiyo ilijengwa na shirika, yaani nyumba ishirini hivi za Wakatoliki wa mtaa ule wanaosali pamoja kila Jumatano na kusaidiana kwenye misiba na harusi. Matofali walifyatua wenyewe. Mabati yaliletwa na masista fulani wa Ulaya, ambao waliandika barua nzuri sana yenye sharti moja: jengo liwekewe bima. Asiransi! Watu walicheka siku mbili. Mzee Barthélemy, mpiga kengele, aliuliza kama Mungu naye ameanza kuogopa wezi. Hata hivyo karatasi ilikuja, na Papa Polycarpe, katekista, mtu anayependa Kifaransa kuliko chakula, akasimama chini ya paa jipya akaisoma na kuifasiri kwa sauti ya Jumapili ya Matawi. Alifika mahali panaposema kwamba nyumba hii imewekewa bima kama mahali pa ibada, na siyo kama nyumba ya kuishi. Hapo harufu ya maharagwe ya sherehe ikaingia mlangoni, watu wakaanza kujigeuza kwenye mabenchi, na Polycarpe akakunja karatasi. Kilichobaki, alisema, ni vile vile tu.

Siyo nyumba ya kuishi. Neno hilo lilikaa kichwani mwa Marcelline, na mwezi wa sita akalivunja.

Francine alifika kwa miguu kutoka kijiji cha Mumosho, mtoto mmoja mgongoni na wawili wakimshika kikwembe cha kiunoni. Mume wake alikuwa amechukuliwa shambani mchana kweupe, na watu wenye silaha, wasiojulikana wa upande gani. Siku hizo mwanamke wa huko akitokea mjini bila mume, askari wa baria, kile kizuizi cha barabarani, walimwuliza swali moja tu: mume wako ameenda porini kupigana na sisi? Ukisema hapana, unaficha. Ukisema hujui, unaficha zaidi. Wanawake wawili wa kijiji kile kile waliingizwa ndani ya nyumba ya askari kwa kuulizwa swali hilo, na habari zao zikakatikia hapo. Marcelline, muongozi wa shirika, alikuwa na ufunguo wa sakristia, kile chumba kidogo cha nyuma padri anapovalia. Akakifungua. Miezi miwili shirika zima lilijua. Huyu alileta unga, yule nguo za watoto. Padri tu, aliyekuja mara mbili kwa mwezi, ndiye hakuambiwa, na mara hizo mbili Francine alikwenda “kuteka maji” tangu asubuhi mpaka saa tisa.

Halafu ikaja Alhamisi, mchana. Upepo wa ziwa, mbabula, yaani jiko la makaa, iliyojaa makala yanayowaka, pazia la sakristia. Francine alikuwa ametoka dakika moja kumfuata mtoto. Watu walipofika na ndoo, dari ya mikeka ilikuwa imeshapokea moto, na kutoka dari kwenda paa si safari. Hakufa mtu, ila Francine aliungua mkono. Polycarpe alipeleka taarifa kwenye ofisi ya bima kule mjini, maneno matatu tu, “kapela imeungua, njooni”, na jibu likarudi kwamba Jumanne saa nne atakuja mtu wao kuchunguza.

Ndiyo Jumanne hii.

Kwa hiyo hesabu ya Marcelline ilikuwa hivi, na alikuwa ameirudia usiku kucha mpaka ikamchosha: wakisema kulikuwa na mtu anaishi mle, bima imekufa na paa limekwenda. Wakimtaja mtu huyo, jina litaandikwa. Karatasi itashuka mpaka baria ya chini, ambako askari wanamwaga kila mfuko na kusoma kila kitu. Na saa hiyo hiyo watapanda mlima kumtafuta Francine. Paa linaweza kutafutwa tena. Lakini Francine?

Ndipo akawaza mshumaa. Mshumaa wa altare umeanguka, basi. Nani atakataa mshumaa ndani ya kapela? Angelipenda kuwakusanya watu wote na kupanga nani aseme nini, ila mikutano bila ruhusa ilikuwa imekatazwa. Hata watu wanane kwenye kilio walifukuzwa wiki iliyopita. Kwa hiyo asubuhi ile alipita nyumba kwa nyumba, kanga begani kama mtu anayeomba moto wa kuwashia, na kwa kila mlango alinong’ona maneno yale yale: “Papa wa asiransi akiuliza, mutu moja aseme ni mushumaa yake njo ilianguka. Utatusaidia?” Na kila mlango ulijibu ndiyo, bila kusita. Mlango wa Anne-Marie peke yake aliuruka, na Anne-Marie, ambaye hajawahi kurukwa na habari maishani mwake, alimngoja uani juu ya ndoo.

Saa nne na nusu mtu wa bima alifika. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, viatu vyeupe kwa vumbi, na mfuko wa ngozi ameukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Alisema anaitwa Edouard, na kwamba amepanda kwa miguu kwa sababu gari zimezuiliwa chini.

— Na mu baria, papa? Marcelline aliuliza. Balikusumbua?

— Balitoa karatasi zote. Moja-moja. Iko askari mudogo moja pale anasomaka vizuri kabisa, mama. Anasoma mpaka tarehe.

Marcelline aliutazama mfuko ule wa ngozi.

Edouard aliingia kapelani, na mtaa mzima ukaingia nyuma yake, mmoja mmoja, kana kwamba kila mtu amepita tu. Alitazama altare. Aliinama, akapitisha kidole juu ya kitambaa chake. Kitambaa kilikuwa na vumbi, hakikuungua hata uzi. Akatembea polepole kuelekea nyuma, macho juu, akifuata weusi wa ukuta jinsi unavyozidi kuwa mweusi, mpaka akafika sakristia, ambako ukuta ulikuwa kama ndani ya dohani. Akasimama hapo muda mrefu. Kwa ncha ya kiatu akasukuma majivu. Kukatokea kandambili ya mtoto, imeyeyuka nusu. Akasukuma tena. Mbabula.

Alirudi mbele ya watu, akafungua daftari.

— Bon. Nani anaweza kunielezea vile moto ilianza?

Marcelline alimtazama Polycarpe, kwa kuwa ndiye aliyezoea kusema. Polycarpe aliweka mkono kifuani. Lakini kabla hajafungua mdomo, mzee Barthélemy alisimama, kofia mkononi.

— Ni miye, papa. Niliwasha mushumaa ya sala ya Malaika wa Bwana, saa sita ya muchana. Macho yangu iko muzee. Niliisahau.

Edouard aliandika. Marcelline akavuta pumzi. Ilikuwa imekwisha, mzee amesema vizuri, tena kwa huzuni nzuri. Wote walipaswa kunyamaza sasa.

— Hapana, tonton, usijitwike, alisema Martine wa kwaya, machozi tayari yameshamtoka, maana Martine hulia hata kwenye ubatizo. Ile yako ilikuwa imezimika. Ni yangu. Niliweka mushumaa juu ya kinanda ya armoni, nikaenda kutafuta kitabu ya nyimbo.

Kalamu ya Edouard ilisimama, kisha ikaandika.

— Na mimi, kwa unyenyekevu, alisema Polycarpe, akiwa amechelewa na hapendi kuchelewa, ninakiri kwamba nilikuwa ninatayarisha mafundisho, kukiwa na mushumaa kando ya dirisha.

— Muchana kweupe, papa? Na jua yote hii?

— Nilikuwa ninatafakari, alisema Polycarpe.

Marcelline aliwakodolea macho, akawatikisia kichwa, akakohoa. Wapi! Kila mmoja alikuwa ameombwa mlangoni kwake, peke yake, kwa kunong’onezwa. Kila mmoja aliamini kwamba mtu yule mmoja ni yeye. Na hata walipoona wenzao wamesema, nani angeketi na kumwachia mzee Barthélemy kubeba moto wa wote? Walikuwa wamezoea hivyo Jumatano: mmoja akifungua moyo, mwingine hawezi kunyamaza. Mama Maombi, mjane wa juu mlimani, alisema yeye aliwasha kwa ajili ya marehemu wake. Placide, fundi viatu, ambaye hajaonekana kanisani tangu Pasaka, alisema aliingia kuomba, akaacha mshumaa. Watu wengine waligeuka kumtazama Placide kwa mshangao wa kweli.

— Bon, alisema Edouard. Mishumaa tano.

— Sita! sauti ilitoka mlangoni.

Marcelline alifumba macho. Aliijua sauti hiyo kuliko sauti ya mama yake. Anne-Marie aliingia akijifuta mikono kwenye kikwembe, mabega mapana, pua juu, na watu wakampisha. Sasa atasema, Marcelline alifikiri. Sasa ataweka jina katikati ya watu kama anavyoweka samaki mezani, na mimi sina pa kumficha. Alitaka kukimbia nyumbani kufunga chumba cha nyuma, na hakuweza kusogeza hata kidole.

— Papa, Anne-Marie alisema, usiandike hawa. Hawa bote banasema uongo.

Edouard aliinua kichwa.

— Mushumaa ilikuwa yangu. Kubwa, ya Bikira Maria wa Lurde, shemeji alinileteaka. Na ile mbabula umeona kule nyuma, iko yangu pia. Na kandambili ya mutoto, ya mujukuu wangu. Vyote iko vyangu. Andika: Anne-Marie, mutu wa makosa.

Mtu mmoja alicheka. Marcelline alifumbua macho. Jirani yake hakumtazama. Alikuwa ametazama mbele, kidevu kimeinuka, kama siku ile aliyomzika mwanawe wa kwanza. Na Marcelline, badala ya kutulia, alizidi kuogopa, kwa sababu alimwona Edouard anafunga kifuniko cha kalamu yake.

— Batu ya Mungu, alisema Edouard bila hasira. Moto moja haiwezi kuwa na mishumaa sita. Nikipeleka hii mu biro ya asiransi, batasema: shirika nzima inadanganya. Na karatasi yenu inasema wazi, mutu akitoa maelezo ya uongo, haki yote inapotea. Kapela itabaki vile iko. Muongozi wenu ni nani?

Vichwa vyote viligeuka.

— Mama, kuja tuongee pembeni.

Walisimama sakristia, kati ya kuta nyeusi, anga ya bluu juu yao pasipo paa. Nje Marcelline alisikia watu wakilaumiana kwa kunong’ona. Alijua ana mlango mmoja tu uliobaki, ule wa ukweli, na nyuma yake hakuona kitu.

— Papa, uko na batoto? aliuliza.

— Bane.

— Basi nitakuambia, na utafanya vile roho yako itasema. Mulikuwa mama humu. Na batoto batatu. Alikuwa anapika. Niliwaingiza miye, bila kuambia padri. Najua karatasi inakataza. Hakuna mushumaa hata moja.

Edouard hakuonyesha mshangao. Alitoa kwenye mfuko nakala ya mkataba, akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akafika wa nne.

— Alikuwa analipa nyumba?

— Alipe na nini? Alifika hata bila viatu!

— Mulisomewa hii ukurasa?

— Papa Polycarpe alisoma ya kwanza. Alisema ingine iko vile vile.

Edouard alipumua kwa pua, karibu acheke. Akamsomea kwa Kifaransa, kisha akamfasiria polepole. Ukurasa wa nne ulisema kwamba bima ya moto inafunika kapela hata inapotumika kwa kazi za huruma: kulisha, kutibu, kupokea wahitaji kwa muda, bila malipo, ikiwa aliyewapokea ni kiongozi wa jumuiya mwenyewe. Vita haifuniki. Risasi, bomu, askari, hapana. Lakini mbabula ya mhitaji, ndiyo.

Marcelline alishika ukuta, masizi yakampaka kiganja. Miezi miwili alimficha Francine kwa padri. Siku tano hakulala. Asubuhi nzima alipita milango kutafuta uongo, na kitu pekee kilichoweza kuleta mabati kilikuwa ni ule ukweli aliokuwa anauzika.

— Alors, mama, tunaandika upya, alisema Edouard akipasua kurasa za mishumaa. Jina ya ule mama?

Hofu ikarudi, nzima, kama haijaondoka.

— Hapana.

— Fomu inaomba jina ya mutu aliwasha moto.

— Papa, umesema mwenyewe: ule askari anasoma mpaka tarehe. Mama wa Mumosho, bwana yake haonekane, na jina yake mu mufuko yako. Itafika mu biro yako mbele, ao itafika kwa komanda wa baria?

Edouard alitazama kandambili ile.

— Andika jina yangu, alisema Marcelline. Mbabula iko yangu, niliitoa nyumbani. Makala nilinunua miye. Mulango nilifungua miye. Hii yote ni kweli, hata mbele ya sakramenti nitasema.

— Na bakiuliza: mama gani?

— Bakuye kuniuliza miye.

Alisema hivyo kwa ujasiri ambao hakuwa nao. Akilini alishaziona buti za askari mlangoni, akajiona mwenyewe anaulizwa swali lile lenye majibu mawili mabaya. Edouard aliandika mistari sita, akamsomea: kwamba mbabula ya muongozi, iliyokuwa ikitumika kulisha wahitaji waliopokelewa kwa muda, ilishika pazia. Mahali pa jina, Marcelline M’Cirhuza. Alitia sahihi, na herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

— Siwezi kukuahidi mabati, mama, alisema Edouard. Bakubwa bangu banaweza kurudisha karatasi, bakasema jina haitoshe. Inaweza kuchukua mwezi, miezi miwili.

— Mvua haitangoja miezi miwili.

— Najua.

Walitoka nje. Wakati huo huo, chini ya mlima, ilisikika milio ya risasi: mitatu, kimya, kisha mfululizo. Uwanja wa kapela ulibaki mtupu kabla mwangwi haujaisha. Wenye mishumaa yote sita waliingia majumbani kwao. Milango ikagongwa, komeo zikasukumwa, na sauti ya Anne-Marie ikasikika ikiita wajukuu kwa majina yao yote ya ubatizo. Marcelline alimvuta Edouard kwa mkono wa shati, wakakimbia hatua zile hamsini wameinama, mpaka chini ya baraza lake. Hapo ukuta uliwakinga.

Mvulana wa jirani alipita mbio akisema baria imefungwa, hakuna anayeshuka wala kupanda mpaka watakapoamua wenyewe. Edouard alikumbatia mfuko wake.

Na hapo Marcelline akajikuta kwenye aibu ambayo hakuwahi kuijua. Mgeni yuko kwenye baraza lake. Saa saba imepita. Kutoka ndani inatoka harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyokolea mawese, na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga, harufu ambayo hata kiziwi angeisikia. Mtu huyu ametembea tangu asubuhi, hajanywa hata maji. Na yeye, Marcelline M’Cirhuza, ambaye nyumba yake haijawahi kuona mtu akipita wakati wa chakula bila kuitwa, amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe kama askari, hasemi karibu. Kwa sababu ndani wako watu wanne. Mtu akiwaona, hawezi tena kuapa kwamba hajawaona, hata akiwa mtu mwema. Na wema wa mtu haujulikani mpaka atakapopigwa.

Edouard alitazama chini. Alielewa kitu, au hakuelewa. Alisogea kidogo, akawa karibu na njia, adabu ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenye nyumba.

— Nitangoja pale chini ya ukuta ya kapela, mama. Isikusumbue.

— Papa, kule risasi...

— Haiko shida.

Alishuka ngazi moja. Mlio mwingine ukapigwa, karibu zaidi, na kwapani mwa mlima mbwa wakaanza kulia. Marcelline alihesabu watoto wanne wa mtu huyu, akahesabu watatu wa ndani, na hakuna hesabu iliyotoka.

Nyuma yake komeo likavutwa.

— Francine, hapana! alisema bila kugeuka. Rudi ndani!

Mlango ulifunguka. Francine alitoka, beseni la maji mikononi, taulo begani, mtoto mdogo mgongoni amelala. Ukuta wa chumba cha nyuma ni wa mbao. Alikuwa amesikia yote yaliyosemwa uani na barazani, tangu ndoo ya Anne-Marie mpaka ngazi hii. Alikuwa na alama mpya ya kuungua kwenye mkono, iliyopakwa dawa ya asali. Hakumtazama Marcelline. Alimtazama yule mtu wa karatasi, usoni, kama ambavyo hakuwa amemtazama mtu yeyote tangu atoke Mumosho, kisha akapiga goti kidogo, kama anavyofundishwa kila binti wa kule, na kuinua beseni.

— Papa, risasi haichaguake mutu, alisema. Nawa mikono. Bugali iko mezani, inapoa. Ingia tukule.